Kutoka Tunduma hadi Mbeya: Safari ya kumrudisha mtoto aliyeacha chuo kimyakimya

Saa 11 alfajiri Tunduma imeshaamka, au tuseme haikulala. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yamejipanga kandokando ya barabara, moja nyuma ya jingine, na mengine yana siku kadhaa pale pale. Madereva waliojifunika mablanketi wanakunywa chai na maandazi kwa mama lishe. Ng'ambo ya geti ni Nakonde, Zambia, na kama hujui unaweza kudhani ni mtaa mwingine wa Tunduma. Vijana wenye mabunda ya kwacha mkononi wameshaanza kuita wateja.

Mimi sikwenda kutazama malori. Nilikwenda kumchukua mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 22, anayesoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja jijini Mbeya. Ilikuwa Alhamisi, mwishoni mwa Februari. Mitihani ya muhula ilikuwa inaanza Jumatatu, naye alikuwa na wiki tano hajakanyaga darasani.

Nyumbani aliwaambia wako likizo. Wazazi wake hawakusoma chuo, wakaamini. Siri ilitoka Jumanne jioni, pale kiongozi wa darasa lake alipopiga simu ya dada akiuliza, "Mama, shikamoo. Mwenzetu anaendeleaje? Mitihani ni wiki ijayo na jina lake linaulizwa."

Dada akanipigia usiku huohuo. "Mdogo wangu, mtoto wako hali, halali, kutwa yuko mpakani anabeba mizigo. Nikimuuliza ananijibu 'niko sawa'. Njoo."

Mji unaovuta vijana

Songwe ni mkoa mchanga. Ulizaliwa mwaka 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawekwa Vwawa. Una watu zaidi ya milioni 1.3, kahawa ya Mbozi, mpunga wa bonde la Momba, na Kimondo cha Mbozi kule Ndolezi, kile kipande kikubwa cha chuma kilichoanguka kutoka angani, ambacho watoto wetu hupelekwa kukitazama wakiwa shule ya msingi. Wakimaliza kidato cha sita, wengi huifuata barabara ya Tanzam kwenda Mbeya kutafuta chuo kikuu, na wengine hupitiliza hadi Iringa, Dodoma au Dar es Salaam.

Mtoto wa Tunduma akiondoka kwenda chuo, mji unabaki unamngoja. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, na kazi ndogondogo za pale mpakani hazikauki: kupakia na kushusha mizigo, bodaboda, kubadilisha fedha, kukimbiza karatasi za mawakala wa forodha. Kijana akishuka kwenye basi saa nne asubuhi hana kitu, jioni anaweza kuwa na elfu kumi mfukoni. Hakuna atakayemuuliza kuhusu chuo.

Ndiyo maana nasema Tunduma ni mahali pagumu kwa mwanafunzi anayeumwa. Kwingine mtoto akirudi nyumbani na kukaa bure, wiki ya pili majirani wanauliza. Hapa anapata kazi, analeta unga na sukari nyumbani, na mama anamshukuru Mungu kwamba mtoto anajituma. Muhula unakatika hivyohivyo. Nawafahamu wawili wa mtaa wa dada ambao walikuja "kupumzika kidogo" na sasa wana miaka mitatu pale getini. Ukiwauliza wanasema chuo kiliwashinda. Ukikaa nao vizuri, mmoja atakwambia alikuwa na kifua kisichopona, na mwingine atakwambia alikuwa hapati usingizi.

Shemeji yangu ni dalali wa mahindi. Alitusindikiza stendi bila kusema neno. Aliona aibu, nami nilidhani ni aibu ya mtoto kukimbia chuo. Baadaye nilijua alikuwa na lake moyoni.

Vwawa: Daktari aliyeuliza maswali

Kosta iliondoka kabla ya saa 12. Ilikuwa imenyesha usiku. Tulipopita Mpemba, kwenye njia panda ya kwenda Ileje, mahindi yalikuwa yamefika kifuani na ukungu umelala juu yake. Kijana alikaa dirishani, kofia ya sweta imefunika macho. Nilimpa chapati, akamega kipande kimoja, akaikunja iliyobaki kwenye karatasi.

"Tumbo, mama mdogo," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba."

Nikamwambia konda tunashuka Vwawa.

Hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapo Vwawa. Tulikaa foleni tangu asubuhi. Nilipomuuliza kuhusu malipo, alitoa pochi, na ndani yake kulikuwa na kadi ya bima ya afya. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo hulipa Sh50,400 kwa bima ya NHIF. Kadi yake ilikuwa mpya kabisa, haijawahi kutumika. Miezi miwili ya maumivu aliimalizia kwenye duka la dawa karibu na chumba chake, akinunua vidonge vya kupunguza gesi, viwili viwili.

"Kwa nini hukwenda zahanati ya chuo?"

"Nilijua watanilaza, nitakosa jaribio."

Majaribio mawili aliyakosa hata hivyo. Siku moja aliona kizunguzungu karakana akaanguka. Wenzake wakamcheka kidogo, kisha wakampeleka chumbani. Kesho yake hakuamka. Keshokutwa pia. Akaanza kuogopa kukutana na mwalimu wa somo hilo, na kila siku aliyokosa ikaongeza hofu ya kurudi siku inayofuata. Wiki ya pili akafungasha begi.

Daktari alikuwa kijana, labda ana miaka 30. Alimpima, akaagiza damu ichunguzwe, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: aliweka kalamu chini.

"Kwa siku unakula mara ngapi?"

"Mara moja."

"Saa ngapi?"

"Saa 12 jioni. Tunaita pasi ndefu, daktari. Unavuta mchana wote, unakula mara moja tu."

"Na usingizi?"

Hapo kijana alinyamaza. Daktari akaniomba nitoke nje kidogo. Sijui yote waliyozungumza. Najua tu kwamba alimuuliza yale maswali ambayo sisi wazazi tunaogopa kuyatamka, kwa sababu kijana alipotoka macho yalikuwa mekundu na mabega yameshuka, kama mtu aliyetua gunia.

Majibu yalikuja mchana: dalili za vidonda vya tumbo, upungufu wa damu, na sonona, yaani ile hali ya huzuni na uzito inayodumu wiki kwa wiki hadi mtu anashindwa kula, kulala na kufikiri. Daktari alinieleza kwamba mambo haya matatu yanabebana. Tumbo tupu linaharibu usingizi, kukosa usingizi kunaharibu kumbukumbu, masomo yakiyumba moyo unavunjika, na moyo ukivunjika hamu ya chakula inakata kabisa. Ukimtazama mwanafunzi huyu kwa mbali utasema ni mvivu.

Nilipofika nyumbani nilisoma zaidi. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliona kwamba robo tatu ya watu wanaopata matatizo ya afya ya akili maishani huanza kuyaona kabla ya kutimiza miaka 24. Ni umri uleule tunaowapeleka watoto chuo, tunawakabidhi godoro na ndoo, tunawaambia, "Sasa umekuwa mtu mzima."

Hesabu ya bumu

Tulipanda gari jingine. Mlowo wachuuzi walijaa madirishani na ndizi, karanga na maparachichi. Nilinunua ndizi mbivu, na dawa zilikuwa zimeanza kumtuliza, akala mbili. Ndipo akazungumza, huku anaangalia nje kwenye mashamba ya kahawa.

Wanafunzi huiita fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo "bumu". Kwa mnufaika anayeipata yote ni Sh10,000 kwa siku, baada ya kupandishwa kutoka Sh8,500 miaka michache iliyopita, na fedha hiyo ni ya chakula na malazi pamoja. Haiji kila siku, huja kwa mkupuo. Mwezi Novemba alipokea ya siku 60, yaani Sh600,000.

"Kodi ya chumba, miezi sita kwa mkupuo, laki mbili na arobaini," alisema.

"Sawa."

"Nyumbani nilituma laki mbili na nusu."

Nikageuka. "Nyumbani wapi?"

"Kwa baba. Mahindi yake yalikuwa yamekwama, na mdogo wangu alikuwa anasubiri kwenda kidato cha kwanza, hana sare wala madaftari. Baba aliniuliza kama nina chochote. Nikamwambia ninayo akiba."

Nikapiga hesabu kimoyomoyo pale kwenye gari. Zilibaki Sh110,000 kwa siku 60, chini ya Sh2,000 kwa siku, na humo kuna chakula, sabuni, nauli na kutoa nakala za masomo. Sahani ya wali maharage na chai ya asubuhi, imekwisha.

Mtoto hakushindwa hisabati za uhandisi. Sisi familia tulikula chakula chake, na yeye alitupenda mno hata asituambie.

Mzazi mwenzangu, sisemi mtoto asisaidie nyumbani. Sisi tumelelewa hivyo, mkubwa anamvuta mdogo. Lakini fedha ile ni deni lake. Akimaliza chuo au akiacha njiani, Bodi itamdai vilevile. Anayetuma nyumbani nusu ya bumu anakopa kwa jina lake ili sisi tule, kisha anasoma na njaa. Kabla hujapokea, muulize amebakiwa na shilingi ngapi na ni za siku ngapi. Mtoto anayekupenda hatakwambia mpaka umuulize.

Tukashuka mteremko wa Senjele, tukavuka mto Songwe na kuingia Mkoa wa Mbeya, tukakipita kiwanda cha saruji, kisha Mbalizi na msongamano wake. Alipouona mlima Loleza, kijana akaifunika tena kofia ya sweta.

Chumba cha mwanafunzi

Mbeya ni jiji la wanafunzi. Lina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, upande wa Iyunga, lina kampasi ya Mzumbe, lina chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine. Hosteli hazitoshi wote, hivyo mitaa inayozunguka vyuo imejaa vyumba vya kupanga, ambavyo vijana huviita geto.

Geto lake lilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na godoro, meza, jiko dogo la gesi lisilo na gesi, na ukutani ratiba ya masomo aliyoichora kwa rangi mwezi Novemba, masomo ya asubuhi kwa bluu na ya jioni kwa nyekundu. Mtu aliyekata tamaa ya kusoma hachori ratiba namna ile.

Jirani yake wa chumba cha pili alikuja kusalimia. "Shikamoo mama. Tulikuwa tunampigia simu, hapokei." Kumbe wenzake walikuwa wamemwandikia majina ya vikundi vya kazi hadi mwalimu akakataa. Usiku ule nilijaza gesi, nikapika ugali, maharage na mboga za majani, tukala watatu. Alikula taratibu, lakini alimaliza.

Saa nne usiku nilimpigia shemeji. Nikamsomea hesabu yote, kuanzia laki sita mpaka elfu mbili. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani simu imekatika.

"Nilidhani ni akiba," akasema. "Mwambie anisamehe."

"Utamwambia mwenyewe," nikamjibu, nikampa kijana simu, nikatoka nje kwenye baridi.

Barua moja

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa nje ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kijana alitaka tuondoke. Alikuwa na hakika kwamba wataandika jina lake kwenye orodha ya waliofukuzwa, na wanafunzi wana neno lake: kudisko.

Mama tuliyemkuta ofisini alisoma ripoti ya daktari mara mbili. Kisha akauliza swali moja: "Kwa nini hamkuja mwezi wa kwanza?"

Akatueleza taratibu ambayo ningependa kila mzazi aijue kabla mtoto hajafungasha begi. Mwanafunzi anayeumwa anaruhusiwa kuomba kuahirisha masomo. Anaandika barua, anaambatanisha ripoti ya hospitali inayotambulika, inapita kwenye idara yake, kisha vikao vya chuo vinaamua. Akikubaliwa, nafasi yake inabaki. Chuo kinaijulisha Bodi ya Mikopo, fedha zinasimama kwa muda, na akirejea rasmi anafuatilia kwa ofisa mikopo wa chuo ili ziendelee. Anayeugua siku za mtihani tu anaweza kuombewa mtihani maalumu. Lakini asiyetokea kwenye mtihani bila taarifa yoyote anahesabiwa ametoroka, na hapo ndipo majina yanapoondolewa.

Kwa hiyo watoto wawili wanaweza kuugua ugonjwa uleule, wakakaa nyumbani muda uleule, mmoja akarudi kumaliza shahada na mwingine akaishia getini Tunduma. Kinachowatenganisha ni barua iliyofika kwa wakati.

Kijana aliiandika pale pale, kwenye benchi la korido. Alipofika kwenye neno "kuahirisha" mkono ulisita.

"Wenzangu wataniacha, mama mdogo. Watamaliza kabla yangu."

"Ukifanya mtihani Jumatatu utafaulu?"

Akatikisa kichwa.

"Basi andika, baba. Mwaka mmoja utapita."

Alisaini saa tano. Mkuu wa idara alikuwa kwenye kikao, tukamngoja hadi saa nane na nusu. Mhuri ulipogongwa, kijana aliishika nakala yake kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea cheti.

Jumamosi tulirudi Tunduma. Majibu ya chuo yalikuja baada ya wiki kadhaa: ameruhusiwa kuahirisha, atarejea mwaka wa masomo unaofuata. Alikaa nyumbani akiwa na tarehe ya kurudi. Alikwenda kliniki Vwawa kila alipopangiwa. Afya ilipotengemaa alifanya kazi kwa wakala mmoja wa forodha, nusu siku tu, na shemeji alikataa kabisa kuchukua hata shilingi ya mshahara ule. Shemeji mwenyewe, ambaye ameishi na malori miaka 20, alimwambia mbele yangu, "Lori likisimama na karatasi zake halijapotea. Linangoja zamu."

Tunachoweza kufanya tukiwa mbali

Tangu safari ile nimebadilisha maswali ninayowauliza watoto walio vyuoni. Zamani nilianza na "Masomo yanaendaje?" na jibu lilikuwa "Vizuri" kila mara. Sasa nauliza, "Leo umekula nini, na saa ngapi?" Hilo haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Nauliza amelala saa ngapi. Nauliza rafiki yake wa karibu ni nani, na ninayo namba ya rafiki huyo na ya kiongozi wa darasa. Kama si simu ya kiongozi yule, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Uliza pia kama amewahi kuitumia kadi ya bima. Uliza tarehe za mitihani na uziandike, ili mtoto akikwambia ni likizo ujue kama kweli ni likizo. Akirudi nyumbani katikati ya muhula usianze na ukali wala usifurahi haraka kwamba amepata kibarua. Mpeleke hospitali, chukua ripoti, pigeni simu chuoni wiki hiyohiyo. Ukiwa na swali la afya na hujui pa kuanzia, Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199.

Na ukiona mtoto aliyekuwa mchangamfu amekuwa mtu wa kofia ya sweta na "niko sawa", usingoje aanguke. Kaa naye. Kama ana maneno ya kukata tamaa ya kuishi, usimwache peke yake, mfikishe kwa daktari siku hiyohiyo. Sonona inatibika kama kidonda cha tumbo kinavyotibika.

Kijana wetu alipanda Kosta Novemba iliyofuata, ileile ya alfajiri. Safari hii alisindikizwa na baba yake hadi Mbeya, na jiko la gesi lilikuwa limejaa. Anatumia dawa, bado ana siku mbaya, na somo moja la karakana alilifanyia sapu akalipita.

Jana usiku dada alimpigia kama kawaida, saa mbili na nusu, akaweka sauti kubwa nami nisikie.

"Umekula nini, mwanangu?"

"Wali na samaki, mama. Na mchana nilikula."